Pegasus: manowari iliyokutwa moto umezimwa

Pale Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ya meli ambayo wageni huipiga picha na kupita. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kiingereza Pegasus, wa pili kwenye Königsberg ya Wajerumani. Ukitazama midomo yao utadhani ni ndugu: wa Mwingereza ni wa inchi 4, yaani milimita 102 hivi, na wa Mjerumani ni wa milimita 105. Milimita tatu tu. Lakini alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, bandarini Unguja, Königsberg ilipoishambulia Pegasus, makombora ya mmoja yalifika na ya mwingine yakaangukia majini.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya kuvamiwa usingizini. Sisi tunaofuatilia meli za zama za Malkia Victoria huanzia mahali pengine: chini, kwenye chumba cha boila. Asubuhi ile Pegasus ilikuwa imetia nanga ikisafisha boila na kutengeneza mitambo. Huwezi kukielewa kisa mpaka uelewe kwa nini meli ya namna ile ililazimika kusimama, na kwa nini haikuweza kuahirisha.

Pegasus ilijengwa na kampuni ya Palmers, mjini Jarrow, kwenye Mto Tyne. Ilishushwa majini Machi 1897, mwaka ule ule Victoria alipotimiza miaka 60 ya utawala, ikaanza kazi 1899. Zilikuwa meli kumi na moja za aina moja, aina ya Pelorus, na majina yote yalianza na herufi P: Pelorus, Proserpine, Pegasus, Perseus, Pactolus, Prometheus, Psyche, Pomone, Pioneer, Pandora na Pyramus. Tani 2,135, urefu mita 95 na ushei, upana mita 11, mabaharia 224. Mizinga minane ya inchi 4, mingine minane midogo ya kombora la pauni 3, na mitambo miwili ya kurushia topido. Ziliitwa kruza za daraja la tatu. Kazi yake haikuwa kupanga mstari na kupigana na meli za vita zenzake. Ilikuwa kuonyesha bendera kwenye bandari za makoloni, kulinda meli za biashara na kutisha wasio na mizinga.

Kinga yake ilikuwa sitaha moja ya chuma iliyopinda kama gamba la kobe, unene kati ya milimita 38 na 51, iliyofunika injini, boila na maghala ya baruti. Juu ya gamba hilo hakukuwa na kinga ya maana. Kwenye kila mzinga palikuwa na ngao ya milimita 6, ya kuzuia risasi za bunduki na vipande vidogo tu. Ubavuni kilichosaidia ni makaa ya mawe yenyewe: vyumba vya makaa vilipangwa kandokando ya boila ili kombora likipasua ubavu likutane na lundo la makaa. Ujanja mzuri, ila una kasoro ambayo mtu yeyote wa jikoni ataiona. Makaa ni ya kuchomwa. Kadiri unavyosafiri ndivyo ukuta wako unavyoingia tanurini.

Kwenye karatasi mbio zake zilikuwa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Hizo ni mbio za majaribio, boila zikipulizwa kwa nguvu: chumba cha moto kinafungwa, mafeni yanajaza hewa mpaka haina pa kutokea isipokuwa kupitia tanuri, na moto unaunguruma. Bila kupuliza, noti 18 na nusu. Katika joto la kwetu, wachochezi wakipiga beleshi ndani ya chumba kilichofungwa, hali hiyo haidumu saa nyingi. Kwa hesabu ya injini za wakati ule, karibu kilo moja ya makaa kwa kila nguvu farasi kwa saa, nguvu farasi 7,000 zinakula tani sita hadi saba kila saa. Meli hii ilichukua kama tani 500 ikijazwa pomoni. Gawa mwenyewe: siku tatu na kidogo za mbio kamili, kisha ukutani hakuna kitu. Ndiyo maana manowari za aina hii zilitembea noti 10 au chini siku zote, zikingoja siku ya haja.

Sasa boila, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Meli za zamani zaidi zilikuwa na boila za pipa: maji mengi, moto ukipita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji. Ni nzito, hustahimili kunyanyaswa, ila kupandisha stimu huchukua saa nyingi. Aina ya Pelorus ilipewa boila za mirija: maji ndiyo yamo ndani ya mirija, moto uko nje. Ni nyepesi, na stimu hupanda kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Wakubwa wa jeshi la majini walitumia meli hizi kumi na moja kama uwanja wa majaribio, wakaziwekea boila za mafundi mbalimbali: Normand kwenye moja, Thornycroft kwenye nyingine, Blechynden kwenye nyingine. Pegasus na Pyramus, zote mbili za Palmers, zilipewa boila za Reed, fundi wa Palmers mwenyewe. Kwa mtu wa ghala la vipuri maana yake ni kwamba ndugu kumi na mmoja hawavai kiatu kimoja. Mrija wa Psyche haukufaa Pegasus. Ukiwa Portsmouth si neno. Ukiwa Bahari ya Hindi ni balaa.

Boila ya Reed ina pipa moja juu na mapipa mawili madogo chini, na katikati mamia ya mirija myembamba iliyopinda. Kupinda kuna sababu: chuma kikipata moto hurefuka, na mrija uliopinda hujinyoosha na kujikunja bila kung'oka kwenye maungio. Lakini mrija uliopinda huwezi kuupitishia brashi iliyonyooka ukaukwangua ndani. Kwa hiyo usalama wote wa boila hii unategemea maji yanayoingia yawe safi.

Na maji huharibika kwenye kondensa. Mvuke ukishasukuma injini hupelekwa kwenye sanduku lenye mabomba madogo yanayopitisha maji ya bahari. Unapoa, unakuwa maji, unarudishwa kwenye boila. Ni mzunguko. Bomba moja la kondensa likitoboka, au kizibo cha mwisho wake kikilegea, maji ya chumvi yanavutwa ndani na kuchanganyika na maji masafi. Humuoni mtu akilalamika siku hiyo. Chumvi inaenda kukaa kwenye mirija kama ukoko chini ya sufuria. Ukoko hauruhusu joto kupita, kwa hiyo chuma chenyewe kinaiva mpaka chekundu, kinavimba, na siku moja kinapasuka. Mrija ukipasuka ndani ya chumba cha moto, mvuke hutoka kupitia mlango wa tanuri na kumkuta mchochezi usoni. Dalili ya kwanza hupatikana mapema ukiwa mwangalifu: chukua maji ya boila kidogo kwenye chupa safi, tia tone la dawa ya fedha, yaani naitreti ya fedha. Yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi imo. Ukiona hivyo mara mbili mfululizo, tafuta kondensa inayovuja kabla hujalala.

Kusafisha boila ya namna hii si kazi ya kupangusa. Moto huachwa ufe wenyewe. Ukiumwagia maji, vyuma hupoa kwa pupa na maungio huanza kulia machozi. Unangoja nusu siku au zaidi. Unafunga vali ya mvuke inayoiunganisha na boila nyingine, na unaifunga kwa mnyororo ili asije mtu akaifungua mwenzake akiwa ndani. Unamwaga maji, unafungua mifuniko ya mapipa, anaingia mtu mwembamba na taa. Anaangalia vipande vya zinki vilivyotundikwa ndani. Kazi yao ni kuliwa na kutu badala ya boila, na vikishaisha vinabadilishwa. Mirija iliyooza huzibwa kwa vizibo juu na chini, au hufunguliwa nati zake na kutolewa; katika Reed kila mrija ulifungwa kwa nati, jambo zuri, ila ukitaka mrija wa katikati unaanza kutoa wa pembeni. Nje, masizi hukwanguliwa safu kwa safu, maana masizi nayo ni blanketi, hayapitishi joto. Majivu na mabonge ya makaa yaliyoyeyuka hutolewa kwenye wavu wa tanuri. Mwisho boila hujazwa maji baridi kwa pampu, shinikizo likipita lile la kazi, na watu hupita na taa wakitafuta tone. Ikishikilia, ndipo moto mpya.

Ukisafisha boila moja moja kwa zamu, meli hubaki na stimu kwenye zilizobaki na inaweza kuondoka ikipungukiwa mbio tu. Hiyo ndiyo njia ya wakati wa vita. Shida ni kwamba kazi ya boila mara nyingi huja pamoja na kazi ya injini, kwa sababu umeshapata siku mbili za kusimama, na injini iliyofunguliwa haina zamu. Beringi ikishatolewa, hata boila zote zikichemka, rafadha haizunguki.

Miaka ya amani ya Pegasus tunaipitia haraka. Mwaka 1904 Admirali Fisher alianza kufagia meli ndogo zilizotapakaa duniani, kwa hoja kwamba hazina nguvu za kupigana wala mbio za kukimbia. Alikuwa na haki, ingawa hakuna aliyejibu swali la nani atakaa kwenye bandari za mbali. Kwa hiyo baadhi ya P zikabaki. Pegasus ilikaa miaka mingi kwenye kituo cha Australia, kisha ikahamishiwa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema. Julai 1914 ilikuwa chini ya Admirali Herbert King-Hall, pamoja na Hyacinth na Astraea, zote tatu za zama za Victoria. Hyacinth ndiyo ile iliyoshindanishwa na Minerva mwaka 1901 kwenda Gibraltar na kurudi ili kupima boila za mirija dhidi ya boila za pipa. Wafuatiliaji wa mambo haya humcheka kidogo mtu anayezitaja meli hizi tatu kama kikosi kimoja, maana kilichoziunganisha hasa ni uzee.

Königsberg iliingia Dar es Salaam Juni 1914. Watu wa pwani waliipa jina la kile walichokiona: manowari na bomba tatu. Ilikuwa ya mwaka 1905, yaani ndogo kwa Pegasus kwa miaka minane tu, lakini miaka minane ile ilikuwa na mapinduzi ndani yake: noti 24, mizinga kumi ya milimita 105. Tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya vita, meli za King-Hall ziliikuta nje ya Dar es Salaam zikajaribu kuizingira. Nahodha wake, Max Looff, alingoja mvua ya ghafla, akafungulia mvuke, akapotea. Hakuna hata moja kati ya zile tatu iliyoweza kumfuata. Siku ile kila mtu aliyekuwa kwenye Pegasus alijua meli yake haiwezi kumkimbiza Mjerumani wala kumkimbia.

Vita vilipoanza, Königsberg iliikamata meli ya mizigo City of Winchester kwenye maji ya Oman tarehe 6 Agosti na kuchukua makaa yake karibu na visiwa vya Khuriya Muriya. Huku nyuma, tarehe 8 Agosti, Astraea ilipiga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe wakazamisha chelezo kinachoelea kwenye mlango wa bandari ili Waingereza wasiingie. Kwa kufanya hivyo walimfungia nje na wa kwao. Königsberg haikuwa tena na nyumba, na Septemba ikajificha Rufiji, ndani ya mikoko.

Kisha Astraea na Hyacinth zikahitajika kusini kusindikiza majeshi ya Afrika Kusini. Pegasus ikaachwa peke yake, chini ya Kamanda John Ingles, na pwani nzima ya kuangalia. Mitambo ilikuwa imefika mwisho wa uvumilivu. Hapa ndipo somo la kwanza la kweli, na halihusu ushujaa: ukiwa na meli tatu mbovu, moja inasimama na mbili zinatembea. Ukiwa na moja, kila siku unayoahirisha matengenezo unakopa, na mdai huchagua siku yake mwenyewe. Ingles angeweza kuendelea kutembea na chumvi kwenye boila mpaka mirija ipasuke katikati ya bahari. Aliamua kusimama. Sisi hatumlaumu kwa hilo.

Tunachojadili ni mahali. Kilindini, Mombasa, mlango wake unapinda na mwambao unaficha meli. Mtu wa nje lazima aingie ndani ili akuone. Bandari ya Unguja iko wazi upande wa magharibi, imezungukwa na visiwa vidogo na mafungu, na meli iliyotia nanga mbele ya mji inaonekana kutoka mbali sana, milingoti na dohani mbili zikiwa zimesimama mbele ya majumba meupe. Kwa upande wake, Unguja palikuwa na makaa, hospitali, waya wa simu wa chini ya bahari na Sultani wa kulindwa. Sababu za Ingles zinaeleweka. Ila ukitia nanga pale na injini zimefunguliwa, ulinzi wako wote umebaki kwa mtu mwingine atakayekuambia adui anakuja.

Mtu huyo alikuwa Helmuth, tagi ndogo, yaani meli ya kuvutia meli nyingine, iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani, iliyowekwa kulinda mkondo wa kusini. Mlinzi wa namna hii anafaa dhidi ya jahazi linalopenyeza bunduki. Dhidi ya kruza ya noti 24 anafaa kwa jambo moja tu, kutoa taarifa, na taarifa isiyosafiri haraka kuliko adui ni bure. Tagi ya noti tisa au kumi haiwezi kuitangulia Königsberg kwenda kupiga hodi. Ukiweka mlinzi wa nje, kwanza mpe namna ya kupaza sauti: taa kali, fataki, mzinga wa ishara uliokubaliwa, au simu ya upepo. Pili mweke mbali kwa kiasi ambacho muda kati ya kelele yake na kufika kwa adui unazidi muda wa kupandisha stimu yako. Kama stimu inahitaji saa mbili na adui anatembea noti 20, mlinzi anatakiwa maili 40 nje. Hilo haliwezekani kwa tagi. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa kutozima moto wote kwa pamoja.

Jambo moja vitabu vingi hulipita. Jua lilipatwa tarehe 21 Agosti mwaka ule, na kupatwa kwa jua hutokea mwezi ukiandama tu. Ongeza siku 29 na nusu: mwandamo uliofuata uliangukia usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Septemba, mwisho wa Mfunguo Mosi. Mvuvi yeyote wa Kizimkazi au Mafia angekuambia maana yake: giza totoro, na maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Katika bamvua, maji pwani yetu hujaa karibu saa kumi jioni na tena karibu saa kumi alfajiri. Meli nzito kama Königsberg inahitaji maji makubwa ili ipite fungu la mdomo wa Rufiji, kwa hiyo jioni ya tarehe 19 ndiyo ilikuwa nafasi yake. Kutoka pale hadi Unguja ni kama maili 100 za baharini. Ukitoka jioni, hata kwa mwendo wa pole unafika kabla ya jua. Na ukifika alfajiri ile unakuta maji bado makubwa juu ya mafungu ya mkondo wa kusini. Looff alikuwa na habari kwamba kuna kruza ya Kiingereza imesimama Unguja. Mengine aliyasoma kwenye mwezi. Aliyekuwa na kalenda upande wa pili angeweza kuusoma mwezi ule ule, na kuchagua siku za maji mafu, yasiyojaa sana, kwa kazi ya boila.

Königsberg ilimpita Helmuth ikamfyatulia, na kama saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri ikaanza kuipiga Pegasus kutoka umbali wa yadi 9,000, kilomita nane na ushei. Makombora ya Pegasus yaliangukia njiani. Hapa rudi kwenye ile mizinga ya Fort Jesus. Kombora la Pegasus lilikuwa na uzito wa pauni 25, yaani kilo 11 na kidogo. La Königsberg lilikuwa kilo 17.4. Mizinga minane ya Pegasus ilipangwa miwili omo, yaani mbele, miwili tezi, yaani nyuma, na minne ubavuni, miwili kila upande. Ubavu mmoja ungeweza kufyatua minne. Königsberg ubavu mmoja ilifyatua mitano. Zidisha: kilo 45 kwa mkupuo dhidi ya kilo 87. Lakini hesabu hiyo inahesabika tu kama zote mbili zinafika, na baruti ya mzinga wa miaka ya 1890, katika mtutu wa urefu wa mita 4, haikuwa na pumzi ya kufika pale.

Meli inayotembea ingeweza kufanya mambo matatu: kujisogeza karibu, kujificha nyuma ya kisiwa, au kugeuza omo ili ubavu usionekane wote. Iliyotia nanga haifanyi hata moja. Kuna njia ya zamani ya kusaidia kidogo: kamba nene hufungwa kwenye mnyororo wa nanga na kupitishwa tezi, ukiivuta meli inageuka palepale bila injini. Inakupa uchaguzi wa kuelekeza ubavu au pua. Haikupi umbali.

Ngao za milimita 6 zilikuwa wazi nyuma. Kombora likipasuka kwenye sitaha ya mbao na chuma nyuma ya mzinga, vipande vinawakuta wapigaji mgongoni. Ndani ya dakika zisizofika kumi mizinga ya ubavu ule ilinyamaza. Bendera iliangushwa, na wanajeshi wa majini wakaishika kwa mikono. Kwa dakika kama 20 hivi kila kitu kilikwisha. Waliokufa wakawa 38 na waliojeruhiwa 55. Ishirini na nne wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho watu wa Unguja hukiita kisiwa cha makaburi. Königsberg ikaondoka, ikaangusha majini mapipa ya mchanga ili Waingereza wayadhanie mabomu.

Meli haikuzama pale pale, na saa zake za mwisho zina fundisho kwa kila anayeshughulika na chombo kilichotoboka. Walijaribu kuipeleka maji mafupi. Kuna tabia ya maji ambayo watu wa bara huisahau: chombo kilichotobolewa wakati maji yamejaa, kisha kikaketi kwenye mteremko maji yakapwa, hulala upande. Tundu zilizokuwa juu ya maji zinashuka chini upande mmoja. Bamvua ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne. Maji yakianza kujaa tena huingia kwa tundu hizo kabla chombo hakijapata nguvu ya kujiinua. Pegasus ilizama karibu saa nane na nusu mchana, maji yakiwa yanapanda. Kabla ya kuburuta chombo pwani, ziba kwanza upande kitakaolalia, hata kwa godoro, mbao na sabuni. Kila dakika ya kupwa ni ya kufanyia hilo.

Meli za aina hii zilikuwa na faida moja ambayo wabunifu hawakuifikiria: zilizama na mizinga mizima. Mtutu wa Pegasus peke yake ulikuwa na uzito wa tani 1.3, kitu ambacho wapiga mbizi, mnyororo na winchi vinaweza kukiinua maji yakiwa mafupi. Mizinga iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Wajerumani walifanya vivyo hivyo na ya Königsberg mwaka 1915. Ndiyo sababu mizinga miwili ile imekutana Mombasa. Safari ya bara iliwafundisha wote jambo moja, kwamba mzinga wa meli haupotezi shabaha ukiwa umefungwa kwenye chuma cha sitaha, lakini juu ya gurudumu unarudi nyuma kama nyati kila unapofyatuliwa. Lazima uchimbiwe, utiwe magogo nyuma, na upimwe upya baada ya kila kombora.

Na Mjerumani? Katika safari ile ile ya kurudi, injini ya Königsberg ilivunjika. Meli iliyotoka kuiua mwenzake kwa sababu ya matengenezo ikaingia Rufiji ikihitaji matengenezo. Vyuma vilivyoharibika vilibebwa nchi kavu, mabegani na kwa mikokoteni, hadi karakana ya Dar es Salaam, vikachongwa, vikarudishwa njia ile ile. Lakini mwisho wa Oktoba kruza mpya za Kiingereza, Chatham ikiwa mbele, zilikuwa zimeshaigundua, na midomo ya mto ikafungwa.

Ugonjwa haukuishia hapo. Aprili 1915 Hyacinth ilipoifukuza meli ya mizigo Rubens iliyoletea Wajerumani silaha, injini moja ilikatika katikati ya mbio, Rubens ikapata dakika za kuingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena kubwa ikaokolewa. Julai, monita mbili, yaani manowari za kupita maji mafupi, Severn na Mersey, zilipoingia mtoni kuimaliza Königsberg, nje ya midomo zilisimama Pioneer ya Australia na Pyramus, ndugu wawili wa Pegasus waliokuwa bado wanatembea. Pyramus ilikuwa na boila za Reed, na mizinga yao ya inchi 4, yenye pumzi ile ile fupi, ilitosha kupiga mikoko.